KISWAHILI CHA GEREJI: UBADILISHAJI NA UREKEBISHAJI WA MKONO WA GIA KATIKA MAGARI YA MBIO, KITALE NA BUNGOMA

Ikisiri

Makala haya yanachunguza lugha ya mafundi wa magari katika gereji za Kitale na Bungoma kupitia kazi moja mahususi, yaani kubadilisha na kurekebisha mkono wa gia katika gari la mbio. Hoja inayotolewa ni kwamba majina mengi ya vipuri katika gereji yamekopwa kutoka lugha za kigeni, lakini utambuzi wa kasoro hutegemea vitenzi vya Kiswahili pamoja na minyambuliko yake. Kwa sababu hiyo, jitihada za kukuza Kiswahili cha ufundi zinazoishia kwenye orodha za nomino humwacha mwanagenzi bila kile anachokihitaji zaidi.

1.0 Utangulizi

Mji wa Kitale uko kiasi cha mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, ilhali Bungoma iko kiasi cha mita 1,400. Dereva anayetoka Kitale kupitia Kiminini, Kamukuywa na Misikhu hadi Webuye, kisha akageuka kuelekea magharibi mpaka Bungoma, hushuka takriban nusu kilomita kwa jumla, ijapokuwa njiani vipo vilima vya kupanda pia. Katika mteremko, dereva mwenye busara hategemei breki peke yake. Huingiza gia ya tatu au ya pili, akaondoa mguu kwenye mafuta, na injini ikawa inazuia magurudumu. Gia ikiruka wakati huo, kizuizi hicho hutoweka ghafla na mzigo wote huangukia breki. Hapo ndipo pini ndogo au bushi ya mpira, yenye bei isiyozidi ya chakula cha mchana, inapokuwa suala la uhai.

Kasoro kama hiyo huanza kutibiwa kwa maneno kabla ya spana kuguswa. Mwenye gari hueleza, fundi huuliza, na mwanagenzi aliyesimama kando husikiliza. Kitale ni mji wa watu wa makabila mengi: Wabukusu, Wasabaoti, Wapokoti, Wanandi, Waturkana na wengineo. Bungoma nako, ingawa Kibukusu kinatawala, barabara kuu iendayo Malaba huleta madereva kutoka kila upande. Lugha inayowakutanisha watu hao chini ya gari ni Kiswahili. Hata hivyo, Kiswahili hicho hakijaandikwa kwa kiasi cha kutosha, na mwanafunzi wa isimu hukipita akidhani kuwa ni mchanganyiko tu wa maneno ya kigeni.

Makala haya yana madhumuni mawili. Kwanza, kueleza kazi yenyewe hatua kwa hatua, kwa Kiswahili kinachoeleweka na fundi na msomi vilevile. Pili, kuonyesha ni sehemu gani ya lugha inayobeba maarifa ya kazi hiyo. Istilahi "gari la mbio" inatumiwa hapa kwa maana ya gari dogo lenye injini ya nguvu lililoundwa kwa ajili ya kasi na wepesi wa kuendeshwa, liwe la mashindano au la matumizi ya kawaida.

2.0 Mkono wa Gia na Aina Zake

Mkono wa gia ni wenzo. Una sehemu ya juu inayoshikwa na dereva, egemeo katikati, na sehemu ya chini inayosukuma kitu kingine. Kitu hicho ndicho kinachotofautisha magari, na kwa msingi huo mikono ya gia inaweza kuainishwa katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni mkono unaoingia moja kwa moja ndani ya giaboksi. Mfano wake mzuri ni Datsun 240Z, gari la mbio ambalo lilishinda Safari Rally mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta. Katika gari hilo mkono umeshikiliwa na pini inayopita katika bushi ndogo. Bushi zikiisha, mkono huyumbayumba hata kama gia zilizo ndani ni nzima kabisa.

Kundi la pili ni mkono unaosukuma rodi. Mkono uko mbali kidogo na giaboksi, na chuma kirefu chenye jointi huunganisha viwili hivyo. Subaru Impreza yenye gia za mkono, gari linalofahamika vyema kwa vijana wa Kenya hasa baada ya Colin McRae kushinda Safari mwaka 1997 na Richard Burns mwaka 2000 kwa magari ya aina hiyo, imo katika kundi hili. Chini ya mkono wake kuna chuma cha kuushikilia, na nyuma ya chuma hicho kuna bushi ya mpira inayobeba mtikisiko wote.

Kundi la tatu ni mkono unaovuta kebo. Kundi hili hutumika zaidi katika magari ambayo injini yake imekingama, kama vile Toyota Celica, jina ambalo Wakenya hulikumbuka kwa ushindi wa Ian Duncan katika Safari ya mwaka 1994. Kwa kawaida kebo huwa mbili: moja huchagua njia, yaani hupeleka mkono kushoto na kulia, na nyingine huingiza gia kwa kupeleka mkono mbele na nyuma. Matatu nyingi za kisasa nazo hutumia mtindo huu, na kwa hiyo fundi wa Kitale aliyezoea matatu huwa tayari ana nusu ya ujuzi unaohitajika katika gari la mbio la aina hiyo.

Msomaji atakuwa amegundua kwamba gia, giaboksi, pini, bushi, rodi, jointi na kebo ni maneno ya mkopo. Yote yamepokewa katika ngeli ya I-ZI au LI-YA na kuzoeleka. Hakuna hasara katika hilo. Lugha huazima jina la kitu pamoja na kitu chenyewe. Swali la maana zaidi ni jinsi fundi anavyosema kilichokipata kitu hicho.

3.0 Vitenzi vya Utambuzi

Kasoro za mkono wa gia hutajwa gerejini kwa vitenzi vichache. Kila kitenzi huelekeza kwenye uchunguzi tofauti, na kwa hakika huelekeza kwenye gharama tofauti.

3.1 Kucheza. Mkono unaocheza ni ule unaosogea bila kupeleka chochote. Kusogea kidogo kushoto na kulia wakati gia haijaingizwa, hali ambayo mafundi huiita frii, ni jambo la kawaida. Mkono ukicheza hata baada ya gia kuingia, lawama ya kwanza ni ya bushi, pini au jointi. Tiba yake ni nafuu.

3.2 Kukwama. Hapa gia haiingii. Fundi mwerevu huuliza swali moja: inakwama injini ikiwa imezimwa pia? Ikiwa gia zote huingia vizuri injini ikiwa imezimwa lakini hukataa inapowashwa, mkono hauna kosa. Klachi haiachi sawasawa, pengine kwa sababu mafuta yake yamevuja au yameingia hewa. Ikiwa gia hazingii katika hali zote mbili, basi mkono, kebo, rodi au giaboksi yenyewe ichunguzwe. Hata hivyo inafaa kulisogeza gari kidogo na kujaribu tena, kwani mara nyingine meno ya gia hukutana ncha kwa ncha na kukataa kuingiliana bila ya kuwapo ubovu wowote.

3.3 Kusaga. Gia inayosaga huingia kwa mlio wa chuma kukwaruza chuma. Klachi huchunguzwa kwanza. Ikiwa klachi ni nzima na mlio unatokea kwenye gia moja tu, basi huenda pete inayolinganisha mwendo wa gia hiyo kabla haijashika imelika. Kubadilisha mkono hakutasaidia kitu.

3.4 Kuruka. Gia iliyokuwa imeshika hujitoa yenyewe. Hii ndiyo kasoro ya hatari zaidi, na ndiyo yenye vyanzo vingi zaidi. Huenda gia haikuingia mpaka mwisho kwa sababu kebo imerekebishwa vibaya au mkono umegonga plastiki inayouzunguka. Huenda mipira inayoshikilia injini imekatika, injini ikawa inayumba na kuuvuta mkono. Huenda pia meno au springi za ndani ya giaboksi zimechoka.

3.5 Kutorudi. Mkono uliosukumwa kando haurudi katikati. Springi ya kuurudisha imekatika au imetoka mahali pake, au uchafu umejaa kwenye egemeo. Vumbi la ukame na matope ya barabara za mashamba ya miwa Bungoma huingia kwa urahisi pale ambapo mpira wa kufunika mkono umepasuka.

Mazungumzo yafuatayo ni mfano uliotungwa kuonyesha namna vitenzi hivi hufanya kazi. Mwenye gari ni mwalimu aliyeleta Impreza yake gerejini:

Mwenye gari: Fundi, gia ya tatu inaruka.
Fundi: Inaruka ukikanyaga mafuta ama ukiachilia, mwalimu?
Mwenye gari: Nikiachilia, sanasana nikishuka.
Fundi: Na mkono wenyewe unauona ukisogea?
Mwenye gari: Unasogea. Ukiachilia mafuta unaenda, ukikanyaga unarudi.
Fundi: Basi tuangalie bushi na mipira ya injini kwanza kabla hatujagusa giaboksi.

Katika maswali mawili tu, fundi ameepusha uwezekano wa giaboksi kushushwa bila sababu. Inafaa pia kutambua nafasi ya upatanisho wa kisarufi. Fundi aliuliza kama mkono "unasogea", akitumia kiambishi cha ngeli ya U-I, ilhali gia ilikuwa "inaruka", kwa kiambishi cha ngeli ya I-ZI. Katika Kiswahili cha bara nchini Kenya, wasemaji wengi huelekea kutumia kiambishi "i-" kwa kila kitu: mkono inacheza, gari inaruka, gia inasogea. Msemaji akisema tu "inacheza", msikilizaji hawezi kujua kama ni mkono, gia au gari zima. Upatanisho sahihi, ambao mwanafunzi wa shule huuona kama mzigo wa mtihani, hapa unatenganisha kifaa kimoja na kingine.

4.0 Kung'oa na Kubadilisha

Baada ya kasoro kuthibitishwa kuwa ni ya mkono, kazi hufuata mpangilio ufuatao.

Kwanza, gari huegeshwa mahali tambarare, breki ya mkono ikavutwa na magurudumu yakazuiwa kwa vigingi. Gia huwekwa frii. Waya hasi ya betri hufunguliwa, hasa katika magari yenye swichi na nyaya nyingi karibu na mkono. Ikiwa kazi itafanyika chini ya gari, gari huinuliwa kwa jeki kisha likakalishwa juu ya stendi za chuma. Jeki ni ya kuinulia tu. Mawe na matofali, ambayo huonekana katika gereji nyingi za jua kali, huweza kupasuka bila kutoa onyo. Bomba la moshi nalo huachwa lipoe, kwa kuwa mara nyingi hupita karibu kabisa na rodi ya gia.

Pili, kitasa cha mkono hufunguliwa kwa kuzungushwa, mpira wa kufunika ukatolewa, na plastiki ya katikati ya viti ikafunguliwa. Skrubu zake hupangwa kwa mfuatano wa zilivyotoka, kwa sababu urefu wake huweza kutofautiana.

Tatu, kabla ya kutenganisha chochote, fundi huweka alama. Rangi kidogo au mkwaruzo wa msumari huonyesha kebo ilikuwa imesimama wapi na rodi ilikuwa imeelekea upande gani. Hatua hii huchukua dakika mbili na huokoa nusu siku.

Nne, klipu na pini hutolewa, kisha bolti za kitako cha mkono hufunguliwa. Katika mkono wa kundi la kwanza, giaboksi hubaki wazi juu mkono unapotoka. Tundu hilo lifunikwe mara moja kwa kitambaa safi, kwa maana nati moja ikidondokea humo, kazi ya saa moja itageuka kuwa ya kushusha giaboksi nzima.

Tano, vipande vyote husafishwa na kuchunguzwa. Bushi huminywa kwa vidole ili kuona kama mpira umepasuka. Pini hutazamwa kama imeliwa upande mmoja. Kebo huvutwa ili kuhisi kama inateleza au inakwaruza ndani ya ganda lake. Kebo iliyoota kutu hubadilishwa, haipakwi mafuta na kurudishwa.

Bushi isipopatikana madukani, mafundi wa kukereza vyuma huweza kutengeneza nyingine ya shaba. Ufundi huo ni wa kusifiwa, lakini una masharti. Bushi ya mpira au nailoni hunyonya mtikisiko, ya shaba hainyonyi. Mkono utahisika imara zaidi, na pia utapeleka mlio wa giaboksi mpaka mkononi mwa dereva. Ikikerezwa kwa kubana mno, mkono utakwama. Ikilegea, itaanza kucheza upya.

Sita, mkono mpya hufungwa kwa kufuata mpangilio ule ule kinyumenyume. Egemeo na jointi hupakwa grisi kiasi, na pini zenye klipu hupewa klipu mpya. Kipande cha waya kilichopindwa badala ya klipu ni ahadi ya kurudi gerejini.

5.0 Kurekebisha

Kubadilisha na kurekebisha ni kazi mbili. Mkono mpya uliofungwa bila kurekebishwa huweza kuwa mbaya kuliko ule wa zamani.

Mkono wa kundi la kwanza hauna marekebisho mengi. Fundi huhakikisha tu kwamba haugongi popote. Mkono wa rodi, ikiwa una kibanio chenye bolti, hurekebishwa kwa kulegeza bolti hiyo, kuweka giaboksi na mkono vyote katika hali ya frii, kisha kukaza. Mkono wa kebo ndio unaohitaji umakini zaidi. Giaboksi huwekwa frii, mkono husimamishwa katikati kabisa, na baadhi ya magari huwa na tundu maalumu la kutia pini ili mkono usisogee. Ndipo ncha za kebo hufungwa bila kuvuta wala kusukuma.

Majaribio hufanywa injini ikiwa imezimwa. Kila gia huingizwa huku fundi akihisi kina chake. Ikiwa ya kwanza, ya tatu na ya tano huingia kwa kina lakini ya pili na ya nne huingia nusunusu, kebo ya mbele na nyuma haiko katikati. Ikiwa ya tatu na ya nne ni nzuri lakini ya kwanza au ya tano ni ngumu kupatikana, kebo ya kuchagua njia ndiyo inayohitaji kusogezwa. Marekebisho hufanywa kidogo kidogo, kila moja likifuatiwa na jaribio. Gia ya nyuma, yaani rivasi, hujaribiwa peke yake, na kizuizi chake kihakikishwe ili dereva asiiingize kwa bahati mbaya anapotafuta gia nyingine.

Mwisho, plastiki na mpira wa kufunika hurudishwa, kisha gia zote hujaribiwa tena. Hatua hii hupuuzwa mara nyingi, nayo ndiyo chanzo cha gia nyingi zinazoruka. Mkono uliokuwa huru kabla ya plastiki kufungwa huweza kugonga ukingo wake baadaye, na gia ikabaki bila kuingia mpaka mwisho.

6.0 Mkono Mfupi na Hesabu ya Wenzo

Wenye magari ya mbio hupenda kufungiwa mkono mfupi ili gia ziingie upesi. Faida na hasara zake zinaweza kuelezwa kwa hesabu nyepesi ya wenzo.

Chukua mfano wa mkono wenye milimita 240 juu ya egemeo na milimita 60 chini yake. Uwiano ni 4 kwa 1. Ikiwa ncha ya chini inahitaji kusogea milimita 20 ili gia iingie, mkono wa dereva utasafiri milimita 80. Sasa weka mkono wenye milimita 210 juu na 70 chini. Uwiano ni 3 kwa 1, na dereva atasafiri milimita 60 tu. Ameokoa robo ya safari. Lakini nguvu anayopaswa kutumia imeongezeka kwa theluthi moja, na zile pete za kulinganisha mwendo hupewa muda mfupi zaidi wa kufanya kazi yake. Dereva mwenye papara atazichosha mapema.

Kukata kitasa kwa juu ili mkono uonekane mfupi ni jambo jingine. Ncha ya juu itasafiri umbali mfupi zaidi, ndiyo, lakini sehemu ya chini haikubadilika, na mkono huwa mgumu bila usahihi wowote kuongezeka. Maneno wenzo, egemeo na uwiano ni ya Kiswahili cha darasani. Yanapoletwa gerejini, yanampa mwanagenzi uwezo wa kumweleza mteja kwa nini anachokiomba kina gharama yake.

7.0 Mnyambuliko na Dhamana

Sehemu hii inaingia katika kiini cha hoja. Tuseme nati inayoshikilia ncha ya kebo imepatikana ikiwa na hitilafu. Fundi anayejua lugha yake huweza kusema mojawapo ya haya:

(a) Nati imelegea.
(b) Nati imelegezwa.
(c) Nati haijakazwa.
(d) Nati haikukazwa.
(e) Nati haikaziki.

Sentensi (a) ina kitenzi cha hali: mtikisiko umeifanya ilegee, na hakuna wa kulaumiwa. Sentensi (b) ina kauli ya kutendwa: kuna mkono wa mtu. Sentensi (c) inasema kwamba kazi bado inaendelea na nati inasubiri zamu yake. Sentensi (d) inasema kwamba kazi ilikamilika na mtu akasahau. Sentensi (e), katika kauli ya kutendeka, inatoa taarifa tofauti kabisa: hata ikikazwa haishiki, meno yake yamekwisha, inunuliwe nyingine. Mashina mawili tu ya vitenzi, lege- na kaz-, yametoa matokeo matano, na kila tokeo lina hatua yake na mwenye dhamana wake. Karatasi ya kazi iliyoandikwa "nati mbovu" imepoteza habari hizo zote.

Vivyo hivyo kebo "iliyokatika" imemaliza maisha yake, na kebo "iliyokatwa" ina kesi. Mabishano mengi kati ya wenye magari na mafundi huanzia katika tofauti hiyo. Mwanagenzi anayekabidhiwa gari na mwenzake jioni, akaambiwa kwamba nati "haijakazwa", anajua kuwa hapaswi kuliwasha gari na kwenda nalo. Akisikia "haikaziki", anajua kuwa aanze kutafuta spea. Akikosea kati ya mawili hayo, mteja atashuka kuelekea Webuye akiwa na kebo iliyoshikwa kwa matumaini.

8.0 Pengo kati ya Gereji na Mtihani

Kiswahili kilifanywa somo la lazima na la kutahiniwa katika shule za Kenya kufuatia mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, ilikitambua kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Pamoja na hayo, vitabu na mitihani ya nadharia ya ufundi wa magari imeendelea kuandikwa kwa Kiingereza. Kijana wa Kitale au Bungoma hujifunza kazi kwa Kiswahili, huitambua kasoro kwa Kiswahili, huirekebisha kwa Kiswahili, kisha hutakiwa kuthibitisha ujuzi wake kwa lugha ambayo hakuwahi kuitumia chini ya gari. Akishindwa, karatasi husema kwamba hajui ufundi.

Jitihada za kuunda istilahi zimekuwapo kwa muda mrefu Afrika Mashariki. BAKITA iliundwa Tanzania mwaka 1967, TUKI ikafanya kazi kubwa ya kamusi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na CHAKITA kikaanzishwa Kenya mwaka 1998. Mchango wa vyombo hivi haupingiki. Hata hivyo, orodha ya istilahi kwa desturi ni orodha ya nomino: jina la kigeni huku, jina la Kiswahili kule. Katika kazi iliyoelezwa hapa, nomino ndizo zilizokuwa na tatizo dogo kabisa. Fundi hakuhitaji jina jipya la bushi. Mwanagenzi alihitaji kuandikiwa ni maswali gani huulizwa gia inaporuka, na kila jibu linaelekeza wapi.

Yafaa basi mambo matatu yapendekezwe. Kwanza, wanafunzi wa Kiswahili wanaotafuta mada za utafiti waende gerejini na kuandika vitenzi vya kazi pamoja na minyambuliko yake, wakionyesha kila umbo linadai hatua gani. Pili, vyuo vya ufundi viandae miongozo mifupi ya Kiswahili ya kazi moja moja, ikaguliwe na mafundi kabla ya wahariri. Tatu, watahini waruhusu mtahiniwa aeleze utambuzi wa kasoro kwa Kiswahili, kwani lugha hiyo tayari ni rasmi kwa mujibu wa katiba.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameeleza aina tatu za mkono wa gia, namna ya kutambua kasoro zake, na hatua za kuung'oa, kuubadilisha na kuurekebisha. Yameonyesha kwamba kucheza, kukwama, kusaga, kuruka na kutorudi ni vitenzi vya kawaida ambavyo gerejini vimepata maana za kitaalamu, na kwamba mnyambuliko wa kitenzi hubeba habari kuhusu chanzo cha kasoro, hatua ifaayo na mwenye dhamana. Mwanafunzi wa Kiswahili anayechoshwa na jedwali la kauli za vitenzi darasani angefaa kusimama alasiri moja kando ya gari lililoinuliwa, amsikilize fundi akimwambia kijana wake kutoka chini, "Hii haijakazwa, ngoja." Kijana anangoja, na gari halitoki mpaka nati ikazwe.